Mwenyekiti wa Mtaa Naye ni Mlezi

Saa kumi na moja alfajiri, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, watoto wa miaka mitano na sita huwa wameshasimama getini wakisubiri basi la shule, mabegi mgongoni, usingizi haujawatoka machoni. Watarudi saa kumi na moja jioni, na siku za foleni hata saa kumi na mbili. Wakishaoga na kula kuna kazi walizopewa na mwalimu; zikiisha kuna katuni; katuni zikiisha ni kulala. Jumamosi ni tuisheni. Ratiba hiyo hatukupangiwa na mtu. Sisi wazazi ndio tulioipanga na ndio tunaoilipia, na ndani yake hamna hata nusu saa ya mtoto kukimbia mpaka atokwe na jasho.

Mwenzake anayesoma shule ya serikali iliyo jirani ana nafuu ya muda, ila hana mahali. Kiwanja walichokuwa wakipigia chandimu kaka zake kimegeuka fremu za maduka. Njia ya kwenda shule haina sehemu ya waenda kwa miguu, na bodaboda hupita humo humo wanamopita watoto. Shuleni atakaa tangu asubuhi hadi alasiri akiwa na sarafu mbili tatu mfukoni, nazo zitamnunulia kachori, barafu ya rangi na pipi. Watoto hawa wawili maisha yao hayafanani, lakini ukiwatazama vizuri utaona wote wamepungukiwa, kila mmoja kwa namna yake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa angalau dakika 60 kila siku, kwa nguvu ya wastani au zaidi. Kizazi chetu kilizipata dakika hizo bila mtu kuzihesabu: kombolela, rede, kuruka kamba, kuteka maji, kutumwa dukani huku mama ametema mate chini na kutuagiza turudi kabla hayajakauka. Sisemi tuirudie zamani yote. Zamani hiyo hiyo surua ilikuwa ikiwazika watoto, na wengi wetu tulikuwa na ndugu tuliosimuliwa tu kwamba waliwahi kuzaliwa. Ninachosema ni kwamba mtoto wa leo amekingwa na maradhi mengi kuliko sisi, kisha akafungiwa ndani na mwili ule ule uliookolewa.

Na tusitafute mchawi mbali. Mtoto hufanya anayoyaona. Baba anayepanda bodaboda kwenda duka la pili kutoka kwake anamfundisha mwanawe kwamba miguu ni ya wasio na nauli. Mama anayekula chakula cha jioni huku kidole kikipandisha na kushusha simu asishangae binti akikataa kula bila kuwekewa katuni. Siku ya mapumziko tunawatoa watoto, na kuwatoa kwenyewe ni kwenda kukaa mahali pa chipsi kuku na soda mpaka giza liingie. Kitambi tunakiita afya. Tunapompongeza mzazi mwenzetu kwa kumwambia mtoto wake amenawiri, mara nyingi tunamaanisha amenenepa. Mtoto husikia yote hayo na kuyaweka.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria nchini uliofanyika mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 4. Wazazi wa mjini tukisikia takwimu za namna hii hudhani zinawahusu watu wa mbali, wenye njaa. Lakini mkoa ulioongoza kwa udumavu haukuwa mkoa wa ukame. Ulikuwa Iringa, takriban asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja karibu nusu ya watoto wake. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza maghala ya mahindi ya nchi. Chakula kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba yai, maharage na mboga vinafika kwenye sahani ya mtoto kabla havijapakiwa kwenye gari la mnunuzi, na kwamba mtoto wa mwaka mmoja analishwa mara nne kwa siku badala ya kusubiri mama arudi shambani jioni.

Mtu huyo ni nani? Jibu la haraka ni mzazi, nami silipingi. Ila nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya malezi ya mwili wa mtoto imehamia nje ya nyumba, mahali ambapo mzazi peke yake hana mamlaka. Viwanja tunavyojengea vimekuwa vidogo, na kile kidogo kinachobaki tunakisakafia ili gari lisichafuke. Kwa hiyo mahali pa kuchezea ni suala la ramani ya mipango miji. Usalama wa njia ni suala la mhandisi wa barabara. Chakula cha mchana, choo cha shule, maji ya kunawa, kinachouzwa kwenye lango la shule, uzito na urefu wa mtoto kliniki, yote hayo yamo mikononi mwa halmashauri, kata, mtaa na kijiji. Huwezi kumlea mtoto kikamilifu ukiwa hujui hata jina la diwani wako.

Sheria nayo inakubali hivyo. Katiba yetu, katika ibara za 145 na 146, inaweka serikali za mitaa ili madaraka yawafikie wananchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wajibu pande mbili. Kifungu cha 8 kinamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, na mwishoni mwa orodha hiyo, tena kwa uzito ule ule, haki ya kucheza na kupumzika. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Ajabu ni kwamba wazazi wengi tunaijua sheria hii kwa upande wa matunzo baada ya ndoa kuvunjika, na viongozi wengi wanaijua kwa upande wa ukatili. Uwanja wa mpira hauonekani kuwa jambo la sheria ya mtoto mpaka umeshauzwa.

Tanzania tuna mfano wetu wa jinsi serikali ya kijiji inavyoweza kuushika wajibu huu, na mfano wenyewe unatoka Iringa hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1983 na 1988, vijiji 168 vya mkoa ule, wakati Njombe bado ikiwa ndani yake, viliendesha mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha kutoka Italia, huku Taasisi ya Chakula na Lishe ikishiriki kwa utaalamu. Moyo wa mpango huo haukuwa magunia ya unga wa msaada. Ulikuwa mizani. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kijijini, na matokeo hayakufungiwa kwenye faili la zahanati. Yalifika kwenye serikali ya kijiji na kujadiliwa: watoto wangapi wamepungua, ni wa nyumba zipi, kwa nini, na kifanyike nini kabla ya kupima tena.

Hebu tufikirie uzito wa kikao kama hicho. Mwenyekiti wa kijiji, aliyezoea kuzungumzia mipaka ya mashamba na michango ya ujenzi, sasa analazimika kueleza kwa nini watoto fulani wamekonda. Baba aliyedhani lishe ni mambo ya jikoni anasikia hali ya mwanawe ikizungumzwa na wazee wenzake. Maswali yakaanza kufika mahali penyewe: mama akiwa shambani mchana kutwa, nani anamlisha mtoto? Mtoto anakula mara ngapi? Uji wenyewe una nini? Katika baadhi ya vijiji yakaanzishwa maeneo ya kuwalelea na kuwalisha watoto wakati mama zao wako kazini. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo, na wataalamu wa nchi nyingine wakautumia mpango wa Iringa kama somo.

Kama kijiji cha mwaka 1984, kisicho na umeme wala simu, kiliweza kujua uzito wa kila mtoto wake, kuna sababu gani ya halmashauri ya leo kutojua? Mizani ipo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na kila halmashauri inatakiwa kuwa na afisa lishe. Kilicholegea, kwa maoni yangu, ni ule mjadala wa hadharani. Takwimu zinakusanywa kijijini na kupanda juu: wilaya, mkoa, wizara. Haziteremki tena kwa mama na baba waliozizaa.

Dalili za kurudi kwenye njia hiyo zipo, na ni haki kuzitaja. Mwezi Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, wakishuhudiwa na aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, na mwaka 2022, akiwa Rais, alisimamia utiaji saini wa mkataba mpya. Chini ya utaratibu huo kila halmashauri ilitakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Shilingi elfu moja kwa mwaka. Haifiki bei ya soda mbili. Hata hivyo fedha hiyo ina faida moja kubwa: inamfanya mkurugenzi awahesabu watoto wake. Mzazi yeyote anaweza kuuliza katika mkutano wa hadhara ilitengwa kiasi gani, ilitoka kiasi gani, na ilinunua nini. Wapo pia wanaoadhimisha Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, ambapo watoto hupimwa na akina mama huonyeshwa namna ya kuandaa chakula cha makundi mbalimbali. Nimesema akina mama makusudi. Baba akipita hapo ni kwa sababu pako njiani. Mtoto wa kiume anayekua akiona kwamba mizani ni jambo la wanawake ndiye baba wa kesho ambaye naye hataonekana.

Chakula cha shuleni kinahitaji tusemane waziwazi zaidi. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wengi wetu tulichagua kusikia neno moja tu, bila, ingawa serikali ilieleza kuwa chakula cha mwanafunzi wa kutwa kinabaki kuwa jukumu la mzazi. Mwalimu mkuu akiitisha kikao cha mahindi na maharage anaonekana mla michango. Baba anayekataa debe moja la mahindi kwa ajili ya uji wa shule ndiye anayeahidi laki moja kwenye kamati ya harusi, tena kwa kipaza sauti, na ahadi hiyo huitimiza. Mtoto aliyeanza safari ya shule bila chai na kukaa mpaka saa nane bila kitu hawezi kukimbia uwanjani. Hawezi hata kusikiliza. Mwalimu wa michezo akimlazimisha, atakuwa anachoma kile kidogo kilichobaki mwilini.

Hapa halmashauri ina kazi ambayo mwalimu mkuu haiwezi peke yake. Kwa sheria zilizoanzisha serikali za mitaa mwaka 1982, inaweza kutunga sheria ndogo, na uchangiaji wa chakula uliokubaliwa na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupewa nguvu humo, huku familia zisizo na uwezo zikisamehewa bila kuaibishwa mbele ya wengine. Inaweza kujenga jiko la shule na kuweka majiko sanifu yasiyomaliza miti. Inaweza kuzipa shule ardhi ya shamba na mbegu. Majirani zetu wa Nairobi wamethubutu zaidi: mwaka 2023 serikali ya kaunti ilianzisha Dishi na County, majiko makubwa ya pamoja yanayopika na kusambaza chakula cha mchana shuleni, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani na sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na wengine. Si kila halmashauri yetu ina mapato ya jiji kama lile. Lakini Nairobi ilianza kwa kukubali kwamba njaa ya mtoto wa shule ni shughuli ya serikali ya mahali alipo, na kukubali huko hakugharimu kitu.

Lango la shule nalo lisisahaulike. Afisa akipita na mgambo kumwaga ndoo za kachori atakuwa amewaumiza akina mama bila kumsaidia mtoto yeyote, maana kesho yake watauzia nyuma ya ukuta. Heri afisa lishe na afisa afya wakae na wauzaji hao, wakubaliane juu ya maji safi, mafuta yasiyorudiwa siku tatu, na machungwa, ndizi, mihogo ya kuchemsha, karanga. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe wanaouzia wanafunzi chakula bora kinaweza kupewa kipaumbele katika mikopo hiyo. Ni jambo la uamuzi tu.

Kuhusu uwanja nitasema kidogo, kwa kuwa sote tunajua yalivyotokea. Maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani yamegeuka gereji, baa na nyumba za watu, na mara nyingi sisi wakazi tulikuwa tunaona. Mtaa unaotaka kiwanja chake kibaki uombe kipimwe, kiwekewe mawe ya mipaka na kupandwa miti pembezoni, na shule iwe na hati ya eneo lake. Kidongo Chekundu, katikati ya Dar es Salaam, palifunguliwa mwaka 2015 kituo cha michezo cha vijana kinachobeba jina la Jakaya Kikwete; kinaonyesha kwamba hata katikati ya jiji lililobanana ardhi ya watoto hupatikana pakiwa na nia. Mitaa mingine haihitaji makubwa hayo. Inahitaji greda lipite siku moja, magoli mawili, na taa.

Na barabara. Shirika la Amend lilianzia hapa Dar es Salaam mradi wa kukagua na kurekebisha njia zinazozunguka shule za msingi: matuta, vivuko vilivyochorwa, nguzo fupi za kuyazuia magari, njia ya waenda kwa miguu, na pengine kuhamisha tu lango la shule kutoka barabara kuu kwenda uchochoro wa pembeni. Majeraha kwa watoto yalipungua, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kwangu mimi faida yake ni mbili. Mtoto anafika salama, na anafika kwa miguu. Kutembea kwenda na kurudi shule ni mazoezi ambayo hayahitaji mwalimu, jezi wala ada, mradi tumhakikishie uhai wake.

Nikirudi nyumbani kwetu, nidhamu tunayoizungumzia kwa watoto inatudai sisi kwanza. Kuna mzazi anayejua matokeo ya mtihani wa majaribio ya mwanawe hadi desimali, lakini hajui kama mtoto huyo anaweza kuzunguka uwanja mara mbili bila kuhema. Tunamshukuru mwalimu anayegeuza kipindi cha michezo kuwa cha hisabati, hasa darasa la nne na la saba, na tunamhamisha mtoto shule inayoonekana kucheza sana. Shule na halmashauri zimetusoma. Zinatupa kile tunachokidai. Siku wazazi watakaposimama kwenye kikao cha shule na kuuliza kwa nini timu haikupelekwa kwenye mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwa ukali ule ule wanaoulizia wastani wa daraja A, uwanja utafyekwa wiki hiyo hiyo. Na nyumbani saa ya kulala iwe saa ya kulala kwa kila mtu, simu zikae sebuleni, na dukani twende kwa miguu tukiwa na watoto mkononi.

Wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 2024 kwa miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na watu wanaohudhuria mara nyingi ni wale wenye mgogoro wa ardhi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya mtaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, na kufika mwezi wa tatu mambo huwa yameshafungwa. Mzazi anayetaka kivuko mbele ya shule, jiko, au kiwanja kilichosawazishwa ayataje mapema, yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata aulize yamefikia wapi. Kama mtoto wake ana umri wa kukaa na kusikiliza, aende naye.